Kamba ya Kupimia Gari

Machame, 4 Juni 1956

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara mbili nikiwa nimesimama. Kwa hiyo Mama ni mjamzito tena, miezi mitatu. Mwaka ule mlipombeba juu ya kitanda, wanaume wanne, kutoka nyumbani mpaka barabara ya Tengeru na mvua ya vuli ikinyesha, mtoto alifika amekwisha kufa na Mama aliponea chupuchupu. Nimemuuliza daktari wetu hapa bila kutaja jina. Anasema mwanamke wa umri ule, aliyepita pale alipopita, asijifungulie nyumbani wala zahanati. Afikishwe Arusha mjini, penye daktari wa kupasua, na afikishwe mapema.

Mimi siwezi kuja, mtihani wetu wa uuguzi ni Desemba. Lakini umesema utanunua gari kabla ya mvua za Novemba, na Anaeli ajifunze kuliendesha kwa kuwa yeye ndiye anayesoma Kiingereza cha leseni. Ni wazo jema. Tafuta tu gari ambalo Mama ataweza kulala ndani yake amenyooka. Hilo kwanza, rangi baadaye.

Anaeli usimwambie sababu. Ana miaka kumi na saba na anaona haya hata kuvuka uwanja wa kanisa peke yake. Mambo ya uzazi si ya kijana.

Binti yako,
Penina


Akheri, 24 Juni 1956

Dada Penina,

Shikamoo. Shuleni tulifundishwa kuanza kwa kusema sisi wazima na hofu ni kwako uliye mbali. Lakini sina hakika kama sisi wazima. Baba ana kamba.

Ni kamba ya katani yenye fundo kila upande. Juma lililopita nilimkuta akimpima Mama nayo, Mama amelala mchana baada ya palizi, kutoka kisogoni hadi kisiginoni. Dada, mimi ninajua sababu moja tu ya kumpima mtu hivyo, na fundi wake ni seremala. Nilikwenda nyuma ya migomba nikalia. Kesho yake Mama akaamka, akachambua maharage, akanigombeza kwa ajili ya maji. Kusema kweli amenenepa kidogo. Sijapata kuona mgonjwa anayenenepa.

Halafu Baba akaniambia, "Vaa viatu. Tunakwenda Arusha kutafuta gari, na utaliendesha wewe."

Nikauliza, "Mimi?"

"Kuna Anaeli mwingine hapa?"

Tuliona mawili. La kwanza ni jeusi, dogo, la karani wa serikali anayehamishwa. Dada, lile gari! Viti vya ngozi, na saa ndogo mbele ya dereva, inatembea kweli. Nilikwisha kujiona ndani yake nikipita mbele ya kanisa taratibu, mkono nje. Karani akaeleza kwa Kiingereza habari za injini na petroli, nami nikamfasiria Baba. Baba hakuuliza hata neno. Alifungua mlango wa nyuma, akatoa kamba mfukoni, akainyoosha juu ya kiti. Fundo likabaki nje.

"Fupi," akasema.

Karani akaniuliza baba yako anapima nini. Nikamjibu kwa Kiingereza kizuri kabisa kwamba sijui.

La pili ni lori kwenye gereji ya Mhindi. Baba akavua koti, akavua na viatu, akapanda nyuma akalala chali juu ya mbao, mikono kifuani. Watu wakakusanyika. Mmoja akasema, "Mzee, hili linauzwa, si nyumba ya wageni." Baba akajibu vile vile akiwa chali, "Na wewe ukinunua kitanda hulali kwanza?" Aliposhuka akasema urefu unatosha ila liko juu mno. "Atapandaje?"

"Nani, Baba?"

Akanitazama kidogo. "Magunia," akasema.

Wewe unasomea mambo ya hospitali. Mtu akianza kuuliza magunia yatapandaje, huo ni ugonjwa gani?

Mdogo wako,
Anaeli


Machame, 8 Julai 1956

Anaeli,

Marahaba. Baba si mgonjwa na Mama hafi. Kamba ni jambo la watu wazima. Ukiikuta ukutani, ipite. Gari zuri ni lile atakalolichagua Baba, basi. Wewe shughulika na klachi na breki. Na habari za Mama kunenepa usiziandike tena. Kunenepa ni baraka.

Dada yako,
Penina


Akheri, 19 Agosti 1956

Dada Penina,

Shikamoo. Gari limepatikana, au karibu lipatikane. Mzungu mmoja wa mashamba ya Nduruma anarudi kwao, na pikapu yake ameipa kanisa letu iuzwe tupate mabati. Wazee wameamua itanadiwa Jumapili ya mavuno, tarehe 30 Septemba, pamoja na mikungu ya ndizi na mayai na kuku kama kila mwaka. Baba alikwenda Nduruma kwa miguu, na kamba yake. Alirudi anapiga mluzi. Kamba imeenea, na shubiri moja imebaki.

Nami nimeiona. Ni kijani iliyochoka, mlango wa kushoto umefungwa kwa waya, na ndani inanuka maziwa yaliyochacha. Nilithubutu kuuliza habari za lile jeusi. Baba akasema, "Lile ni gari la mtu anayekaa." Tangu hapo nafikiri. Ni nani asiyekaa ndani ya gari?

Leseni ya kujifunza nimepata kwa cheti changu cha ubatizo. Anayenifundisha ni Lekishon, yule Mwarusha anayeendesha lori la chama cha kahawa. Tunakwenda uwanja wa soko la Tengeru siku zisizo na soko. Kila gia ikikwaruza mimi husema samahani. Lekishon amechoka nami. "Unaliomba radhi lori? Litakwenda kukushtaki kwa mama yake? Likanyage." Lakini anasema mkono wangu ni mwepesi, na kwamba mtu mwenye haya haui watu barabarani.

Kinachoninyima raha ni ule mnada. Unakumbuka mwaka jana mke wa mchungaji aliponinunulia jogoo, akanitaja jina niende mbele kumpokea? Nilijificha chooni mpaka jogoo akapewa mtoto mwingine. Mwaka huu nikiitwa nitasema nini? Nikisimama mbele ya watu, Kimeru kinakimbia, Kiswahili kinakimbia, Kiingereza ndiyo kabisa. Lugha tatu, na mdomo mtupu.

Mdogo wako,
Anaeli


Machame, 2 Septemba 1956

Anaeli,

Marahaba. Kumbe jambo lenyewe ni hilo? Ukipewa kitu mnadani, sema hivi tu: "Nashukuru. Namrudishia Mungu." Ndivyo walivyofanya wakubwa zetu siku zote. Jogoo atanadiwa tena, kanisa litapata mara mbili, watu watapiga makofi, nawe utakuwa umekaa kabla masikio hayajapata moto. Yafanyie mazoezi mbele ya kuku. Usiongeze neno hata moja. Wewe ukiongeza neno unapotea.

Dada yako,
Penina


Akheri, 2 Oktoba 1956

Dada Penina,

Shikamoo. Mavuno yalikwenda vizuri, mvua haikunyesha. Pikapu iliuzwa. Aliyeondoka nayo ni Mzee Ephraimu, yule Mchagga mwenye duka Maji ya Chai. Baba hajambo. Kahawa ni nzuri mwaka huu. Nadhani karatasi imekwisha.

Anaeli


Machame, 9 Oktoba 1956

Anaeli,

Karatasi yako ilikuwa na nafasi ya kupanda mahindi. Mwalimu Eliasi amepita hapa akitoka huko, kanishika mikono yote miwili: "Hongera, binti, baba yenu amempa Mungu gari." Baba naye kaniandikia mstari mmoja: "Gari limekwenda kwa Bwana." Nilidhani limetumbukia mtoni na mtu amekufa.

Nani alinunua? Nani alimpa nani? Andika yote, kwa mpangilio, usiniambie habari za kahawa.

Penina


Akheri, 15 Oktoba 1956

Dada,

Shikamoo. Nakuandikia ghalani, juu ya gunia, mgongo wangu ukiwa umeegemea mlango ili mtu asiingie.

Aliyenunua ni Baba. Walipandishana bei na Mzee Ephraimu mpaka Ephraimu akatikisa kichwa akakaa. Kahawa yote na ng'ombe wawili, Dada. Watu wakapiga makofi. Nilidhani yamekwisha. Lakini Yoeli, yule anayenadi, akauliza kama desturi, "Elirehema, unachukua au unampa mtu?" Na Baba yetu, asiyemsifu mtu hata akiwa amekufa, akasimama, kofia mkononi, akasema, "Nampa mwanangu Anaeli. Aje apokee."

Nilikwenda. Sijui nilikwendaje. Niliona ufunguo mkononi mwa Yoeli, na viatu vya watu wote wa Akheri. Maneno yako nilikuwa nimewasomea kuku kila asubuhi kwa majuma matatu. Yakatoka yenyewe. "Nashukuru. Namrudishia Mungu."

Yoeli akainama akaniuliza polepole, "Gari?" Nikaitikia kwa kichwa, maana uliniambia nisiongeze neno. Halafu mama mmoja huko nyuma akapiga kigelegele, wengine wakaitikia, mchungaji akafuta macho. Pikapu ikanadiwa tena. Hakuna aliyebakiwa na kitu mfukoni, na Ephraimu akaipata kama bure. Baba alipiga makofi pamoja na wengine. Angefanya nini? Angesimama mbele ya kanisa zima aseme mwanawe amekosea kumpa Mungu?

Sasa nisikilize, hili sijamwambia mtu. Kabla maneno hayajatoka palikuwa na nafasi ndogo, kama ya kumeza mate. Katika nafasi ile nilijua ninachotaka kusema. Niliuona ule mlango wa waya, nikasikia ile harufu ya maziwa, nikafikiri: pikapu ikiondoka, labda Baba atarudi kwa lile jeusi. Kwa hiyo sijui kama nilikosea au niliiba. Nikiomba usiku nashindwa nianze na toba ipi.

Tulirudi nyumbani Baba mbele, mimi nyuma. Kwenye kijito akasimama kuvua viatu. Bila kugeuka akasema, "Ulisema vizuri. Sauti yako ilisikika." Alikuwa ananisifu au ananichoma? Mpaka leo hajasema tena habari hiyo. Watu wanakuja kumpa mkono, wanataka kumchagua mzee wa kanisa. Mama aliposimuliwa alicheka mpaka akakaa chini, ameshika tumbo. Halafu nikaona hacheki tena.

Kamba ameitundika nyuma ya mlango.

Anaeli


Machame, 20 Oktoba 1956

Anaeli, mdogo wangu,

Barua hii isome mbali na kuku, maana nao wamehusika.

Nilipokufundisha yale maneno nilikuwa nafikiria jogoo. Hilo ni kosa langu la kwanza. La pili ni kubwa zaidi. Mama hajanenepa. Mama ni mjamzito, atajifungua mwanzoni mwa Desemba. Mwaka ule ulipokuwa bweni, ukaambiwa alishikwa na homa ya tumbo, haikuwa homa. Alibebwa juu ya kitanda kwenye matope mpaka barabarani, na mtoto, mvulana, alikufa njiani. Safari hii lazima afike hospitali ya mjini, na daktari ameonya asicheleweshwe. Kamba ile ni urefu wa Mama akiwa amelala. Asiyekaa ndani ya gari ni yeye.

Mimi ndiye niliyemwambia Baba akufiche. Nilisema si mambo ya kijana. Tukakupa usukani tukakunyima safari.

Kuhusu ile nafasi ya kumeza mate, ulitaka gari zuri. Nani hataki? Ungejua la Mama, ungefunga mdomo wako kwa mikono miwili, hilo ninalijua kama ninavyokujua.

Usiende kwa Baba. Baba hawezi kwenda kuomba kitu alichokwisha kupigiwa makofi. Nenda kwa Mzee Ephraimu, na uende upesi, mvua haingoji. Maneno ya kusema sikuandikii. Umeona yangu yanavyokwenda.

Dada yako,
Penina


Akheri, 4 Novemba 1956

Dada Penina,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nikarudi ndani nikamtazama Mama. Sijui macho yangu yalikuwa wapi miezi yote hii. Akasema, "Unaniangalia nini, sufuria inaungua." Nikaondoa sufuria.

Jumatatu nilikwenda Maji ya Chai kwa Mzee Ephraimu. Pikapu ilikuwa mbele ya duka, mlango umetengenezwa. Nikaingia, nikamwamkia, nikanunua chumvi, nikarudi nyumbani. Jumatano nikaenda tena nikanunua chumvi. Ijumaa nilipoomba chumvi, Mzee Ephraimu aliweka mikono juu ya meza akasema, "Kijana, mama yako anapika bahari?"

Dada, nikalia, mbele ya wateja watatu na mbwa. Nikasema yote, bila mpangilio. Kwamba nilirudisha gari kwa sababu ya jogoo. Kwamba kamba ni Mama. Nikalitamka na lile neno, mjamzito, kwa sauti, na paa halikuanguka. Nikasema pia kwamba nililitamani lile jeusi. Hilo hakuwa ameniuliza.

Mzee Ephraimu akafuta meza kwa kiganja. Akasema, "Mimi silirudishi. Makofi ya bure siyataki, na nina mizigo ya kupeleka Arusha. Lakini dereva sina. Mwanangu Ndesanjo analiendesha kama anaua nyoka." Akanitupia ufunguo. "Ukipata leseni utafanya kazi kwangu mchana. Jioni gari litalala kwenu Akheri mpaka mama yako ajifungue. Baba yako mwambie sina pa kuliweka. Na chumvi ile ilete, nitaiuza tena."

Juzi nimejaribiwa Arusha na inspekta wa polisi, Lekishon akinisindikiza. Gia ilikwaruza mara moja nikasema samahani, inspekta akadhani naongea naye, akanijibu si kitu. Nimefaulu.

Jana jioni nililiingiza uani. Baba alilizunguka mara mbili. Nikamwambia Mzee Ephraimu hana pa kuliweka. Akasema, "Duka lote lile?" Akaingia ndani akatoka na kamba, akainyoosha nyuma ya pikapu, akabaki amesimama ameshika fundo. Sijui kama anajua kwamba najua.

Anaeli


Arusha, 2 Desemba 1956

Dada Penina,

Shikamoo. Wazima, wote wawili. Nimeanza na hilo ili usiruke mistari.

Ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi, mvua tangu alfajiri, kwa hiyo sikwenda kazini. Baba alikuwa ametandika godoro nyuma ya pikapu, mito miwili, turubai juu, kila kitu kama kamba ilivyotaka. Mama akatoka ndani kwa miguu yake, ameshika mgongo. Akalitazama lile godoro.

"Nani amekufa?"

Baba akasema, "Ni la kwako. Ulale."

"Mimi si gunia la kahawa," Mama akasema. Akafungua mlango wa mbele, ule uliokuwa na waya, akakaa kando yangu, akauvuta ukafunga. "Twende, mwanangu."

Kona ya kwanza tu magurudumu ya nyuma yakaanza kuserereka. Lekishon alinifundisha, nyuma pakiwa pepesi weka uzito. Nikamwambia Baba, aliyekuwa amekaa nyuma pembeni ya godoro, kwa sauti, kama ninavyoweza kumwagiza mtoto, "Baba, lala katikati!" Na Baba akalala. Dada, ile kamba ni urefu wa Mama. Miguu ya Baba ilitokeza nje mpaka Tengeru, ikinyeshewa, na viatu vyake vya kanisani.

Njiani uchungu ulipomshika Mama alikuwa anashika goti langu, ukimwachia ananifundisha kuendesha. "Linalia, badilisha." Nikabadilisha, gia ikakwaruza, nikasema samahani. Mama akasema, "Unamwomba nani?" Nikasema gari. Akasema, "Liombe baadaye."

Alipasuliwa alasiri ile ile. Daktari anasema mtoto alikaa vibaya, kwa kitanda cha mabegani tusingefika. Ni msichana. Mama anasema jina utoe wewe ukimaliza mtihani.

Tulipokuwa tumekaa barazani tunasubiri, nilimuuliza Baba lile jambo. "Siku ile kijitoni uliniambia sauti yangu ilisikika. Ulikuwa unanisifu au unanichoma?"

Alikamua maji kwenye soksi moja, akakamua na ya pili.

"Hata mimi sijui," akasema. "Nilikuwa na hasira mpaka nikashindwa kuona njia. Lakini miaka kumi na saba sijawahi kukusikia ukisema neno mbele ya watu." Halafu akasema, "Na leo umeniambia nilale."

Nikasema samahani.

"Liombe gari," akasema Baba.

Jana walituruhusu kuingia. Baba alitoa ile kamba mfukoni, bado mbichi, akainyoosha kando ya mtoto kutoka kwenye fundo la mwisho, kisogoni hadi kisiginoni. Pale alipoishia akafunga fundo jipya. Ni fupi sana, Dada. Angeenea hata kwenye lile jeusi.

Mdogo wako, dereva,
Anaeli